UZI: Nani hasa mwenye tamasha? Nguvu za wadau nyuma ya matamasha ya utalii Zanzibar

MtuWaShangani

Wanajamvi, assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Kila Februari na kila Julai tunasifia tamasha lilivyojaza watu, tunalalamikia kiingilio, tunabishana msanii gani kakamata jukwaa, halafu tunasubiri mwakani. Nani anaamua, nani analipa na nani anaondoka na faida, hilo hatuliulizi. Nimefanya kazi nyuma ya jukwaa kwa misimu kadhaa na sasa natembeza wageni, kwa hiyo meza hii nimeikalia pande zote mbili. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Mfano wangu mkubwa ni tamasha la muziki la Sauti za Busara. Silichagui kwa kuwa lina kasoro kuliko mengine. Nalichagua kwa sababu waandaaji wake wamekuwa wakisema mambo yao hadharani, jambo ambalo wengi hawathubutu. Busara Promotions iliundwa 2003 kama taasisi isiyotafuta faida, tamasha la kwanza likafanyika Februari 2004, na makao yake tangu zamani ni Ngome Kongwe. Kabla yake tulikuwa na ZIFF, tamasha la filamu lililoanza 1998 na kutuonesha kwamba ngome ile inaweza kujaa usiku watu wa kila rangi na kila mfuko. Matamasha haya mawili yalizaliwa na watu wa utamaduni. Utalii ulikuja baadaye ukayakuta.

Mimi nguvu ya mdau naipima hivi: akisema "hapana", tamasha linasimama? Na akinyamaza akaondoka zake, kuna atakayemtafuta?

Angalieni mwaka 2016. Sauti za Busara halikufanyika. Wasanii walikuwepo, ngome ilikuwepo, wageni walikuwa tayari kuja. Fedha za wafadhili na wadhamini hazikutimia, waandaaji wakatangaza mapema kwamba mwaka huo hapana, na likarudi Februari 2017. Sasa weka kando yake mwaka 2021. Korona imefunga majukwaa karibu dunia nzima, lakini Busara lilifanyika Ngome Kongwe, ingawa kwa siku mbili tu. Maradhi yaliyofunga dunia hayakulizuia. Ukosefu wa fedha ulilizuia.

Kwa hiyo mdau wa kwanza mwenye "hapana" nzito ni mwenye hundi. Kwa miaka mingi mfadhili mkuu alikuwa ubalozi wa Norway. Nawashukuru kwa dhati, bila wao vijana wengi wa hapa wasingejifunza ufundi wa sauti, taa wala uongozi wa jukwaa. Lakini fikirini maana yake: hatima ya shughuli kubwa kuliko zote za muziki mjini kwetu inaamuliwa na bajeti inayopitishwa nchi nyingine, kwa vipaumbele vya nchi nyingine. Vipaumbele vikibadilika huko, sisi huku tunahesabu viti. Na mauzo ya tiketi hayatoshi kuziba pengo, waandaaji wenyewe wameshalisema hilo zaidi ya mara moja. Hayawezi kutosha, kwa sababu Mtanzania analipa kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Siku tiketi ya mwenyeji ikifika bei ya mgeni, Ng'ambo nzima, mitaa ya wenyeji nje ya Mji Mkongwe, itabaki nje ya geti.

Mdau wa pili ni serikali, na nguvu yake watu huielewa vibaya. Wengi wanadhani ni ya kukataza. Kwa niliyoyaona, nguvu yake kubwa ni ya kuchelewesha. Ngome Kongwe ni mali ya serikali. Onesho linataka kibali cha BASSFU, baraza la serikali la sanaa, filamu na utamaduni. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo ukifunga jukwaa au nguzo ya taa Mamlaka ya Mji Mkongwe nayo ina neno. Polisi wana neno, sheha wa mtaa ana neno. Kila mmoja ana haki yake ya kuulizwa, silipingi hilo. Tatizo ni kwamba ofisi ikikalia karatasi wiki tatu haipotezi kitu, wakati mwandaaji katika wiki hizo tatu anaona nauli za ndege za kundi la watu kumi na wawili zinapanda. Mmoja kusubiri hakumgharimu, mwingine kunamuua. Hapo mazungumzo yameshaamuliwa kabla hayajaanza.

Wa tatu ni wenye mahoteli. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini.

Mwaka 1997 Mitchell, Agle na Wood, wataalamu wa menejimenti, waliandika kwamba mdau husikilizwa kwa mambo matatu: awe na nguvu, awe na haki inayotambulika, na dai lake liwe la haraka. Mwenye yote matatu hakuna atakayemruka. Mwenye moja au mawili husikilizwa kwa adabu, kisha kikao kinaendelea. Sasa mchukue mama anayeuza urojo Forodhani. Haki anayo, pale ni kwao. Haraka anayo, kwa sababu usiku wa tamasha ni ada ya shule ya mtoto. Nguvu hana. Mchukue mwenye hoteli ya vyumba thelathini: nguvu anayo, haki anayo, ila haraka hana kabisa. Vyumba vinajaa achangie asichangie. Ndiyo maana barua za kuomba mchango hazijibiwi, au zinajibiwa kwa maneno mazuri. Msimu mmoja nilitafutia mafundi sauti vyumba viwili kwenye hoteli moja iliyokuwa imejaza wageni wa tamasha. Nilijibiwa kwamba wanauthamini sana utamaduni wetu, nikapewa bei kamili ya msimu.

Wageni walioingia Zanzibar mwaka 2023 walipita 600,000, na 2024 wakapita 700,000. Picha zinazowaleta si za fukwe peke yake. Ni za Mji Mkongwe, za taarab, za beni inayotoka Ng'ambo kuelekea Forodhani siku ya ufunguzi. Sura hiyo ya Zanzibar inatengenezwa na watu wasiokaa kwenye kikao kinachogawana mapato yake.

Wasanii wamegawanyika. Mwenye jina la nje anakuja na mkataba wake na masharti yake. Kikundi cha hapa kinasubiri kuitwa. Ila kuna matumizi ya nguvu ya mwandaaji ambayo mimi nayaunga mkono kwa moyo wote, nayo ni sharti la kupiga laivu. Busara walikataa pleibeki. Waliokasirika walikuwepo, hasa vijana waliozoea kuimba juu ya CD, lakini sharti lile ndilo lililozipa taarab na ngoma jukwaa sawa na bendi za Dakar na Bamako. Bi Kidude alisimama pale akiwa bibi kizee, na ulimwengu ukakaa kimya kumsikiliza hadi alipofariki 2013. Nguvu siipingi. Naipinga inayotumika bila mtu kuijibia.

Wakaazi mnadhani hawana kitu? Wanacho kimoja kizito, na hawajawahi kukiweka mezani: mwezi wa Ramadhani. Hakuna mfadhili, waziri wala shirika la ndege linaloweza kupiga muziki Ngome Kongwe usiku wa Ramadhani. ZIFF lililijua hilo Ramadhani ilipoangukia Julai, na 2014 likafanyika Juni. Sasa zamu ni ya Februari. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, ya 2028 mwishoni mwa Januari. Tarehe lazima zisogezwe, na zikisogezwa kila mdau itambidi arudi mezani, kwa sababu ndege, vyumba na vibali vyote vimefungwa kwenye tarehe.

Karibuni. Nipingeni kwa hoja.

BintiMakunduchi

Kaka, umeandika vizuri ila umeishia mjini. Njoo shamba uone tamasha ambalo hakuna mfadhili anayeweza kulifuta.

Mwaka Kogwa wetu, sherehe ya mwaka mpya, tarehe yake hutoka kwenye hesabu ya wazee, kalenda ya jua ya Nairuzi, kwa hiyo inakuja Julai apende asipende mtu. Migomba ya kupigania tunaikata mashambani kwetu. Kibanda cha kuchomwa tunakijenga kwa makuti yetu. Wanawake wanaimba nyimbo zao, na nyingine ni kali, zinawasema watu waziwazi. Mgeni hanunui tiketi, anakaribishwa ndani kula, maana kwetu mwaka usio na mgeni si mwaka wa heri. Ukikosa hundi kutoka ubalozini, mwaka unakogwa vilevile.

Lakini usidhani tumesalimika. Utalii ulipoanza kuutazama Mwaka Kogwa, yakaja mahema ya viongozi, viti vya wageni rasmi, spika za makampuni. Nimesimama uwanjani nikaona shughuli inasubiri msafara ufike, na jua limeshapinda. Nimeona kina mama wanaimba na hawasikiki kwa sababu ya muziki wa tangazo. Hakuna aliyetunyang'anya tamasha kwa karatasi. Mpangilio wa uwanja peke yake umetosha kubadilisha nani anatazamwa.

Kwa hiyo kwenye kipimo chako cha "nani akisema hapana" ongeza na hiki: nani anaamua spika zielekee wapi.

MtuWaShangani

Dada Binti, nimekubali, na nimelichukua hilo. Umenifungua kwenye jambo jingine pia: Makunduchi mna nguvu kwa sababu malighafi yote ni yenu. Mjini kila kitu kinakodiwa: jukwaa, jenereta, vyumba, hata ukumbi. Kadiri tamasha linavyokodi zaidi, ndivyo "hapana" za watu wengine zinavyoongezeka.

FunguoZaMapokezi

Mimi ni meneja wa hoteli ndogo Mji Mkongwe, na naona tunahukumiwa bila kusikilizwa.

Mkuu, VAT tunalipa asilimia 15. Tuna leseni, tozo za serikali, maji tunanunua kwa boza, jenereta inakula mafuta. Tangu Oktoba 2024 mgeni analipa dola 44 za bima ya lazima kabla hajaingia, na akifika kwangu analalamika kama vile nimezichukua mimi. Kila shughuli ya mji huu inakuja na barua: tamasha la muziki, la filamu, la vyakula, mbio, mashindano ya ngalawa. Nikichangia zote nafunga mlango.

Na kuna ukweli ambao hamtaki kuusikia. Februari ni msimu mzuri hata bila tamasha. Kwao Ulaya ni baridi, kwetu masika hayajafika. Nikwambie kweli, siwezi kujua kati ya wageni wangu nani kaja kwa ngoma na nani kaja kwa jua.

Vyumba vya bure tumewahi kutoa, wasanii wamelala kwangu. Hakuna anayevihesabu kama mchango.

GanuniNaUdi

Meneja, shikamoo kama umenizidi, na naheshimu hali yako. Lakini nikujibu kama mpiga muziki.

Sisi tuliosoma muziki hapa, wengi kupitia Dhow Countries Music Academy, chakula chetu cha kila siku kinatoka kwenye hoteli. Tunapiga wakati wa chakula cha usiku, watu wanne, saa tatu nzima, malipo unayajua. Wiki ya tamasha hoteli hizohizo zinatuomba tupige bure au nusu bei kwa kuwa "mtaonekana na wageni wakubwa". Kuonekana hakulipi daladala wala nyuzi za udi.

Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905. Culture Musical Club tangu 1958. Vyama hivi vilipita ukoloni, mapinduzi na kila aina ya serikali, kwa sababu wanachama wenyewe walikuwa wakichangiana na kuamua. Leo mpiga ganuni kijana anasubiri barua pepe ya ofisi ya tamasha kujua kama mwaka huu yupo au hayupo. Simlaumu mwandaaji, nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Nachotaka ni kwamba kwenye kamati inayochagua, vyama vya muziki vya hapa viwe na kiti chenye kura, na msanii apewe sababu akikataliwa.

Na ningependa watu watambue kwamba tamasha limefungua milango kweli. Kuna wapigaji wa hapa waliokwenda Ulaya kwa sababu mwandaaji wa huko aliwaona Ngome Kongwe. Nguvu pekee ya msanii mdogo ni hiyo, kupata soko la pili ili asimtegemee mtu mmoja.

Mlamu_wa_Langoni

Ndugu zangu wa Unguja, salamu kutoka Lamu.

Kwetu tuna tamasha la utamaduni, mashindano ya punda, majahazi, bao, na kuandika khati. Lilianza mikononi mwa makumbusho, na baada ya ugatuzi wa 2013 serikali ya kaunti ikaingia kwa nguvu. Faida yake ni kwamba bajeti iko karibu. Ubaya wake, gavana akibadilika na ladha inabadilika, na mzee aliyekuwa akiamua mbio za jahazi anajikuta anaomba miadi.

Lakini nataka niwatajie mdau ambaye hamjamgusa. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya mwezi Juni, serikali iliweka kafyu ya usiku na nchi za Magharibi zikawaonya raia wao wasije. Wavuvi hawakuweza kutoka usiku, vyumba vikawa vitupu. Mwandishi wa onyo la safari anakaa London au Washington, kikao cha tamasha hajawahi kuhudhuria, na aya yake moja ina uzito kuliko sisi sote. Bima za wasafiri hufuata onyo lile, na wakala wa safari hufuata bima.

Maulidi yetu, yanayotokana na Msikiti wa Riyadha na mwanzilishi wake Habib Swaleh, yameendelea kuleta watu hata miaka ya shida. Mgeni wake ni Muislamu wa Afrika Mashariki anayekuja kwa basi na mashua, analala kwa jamaa. Onyo la London halimhusu. Nawaomba muwafikirie wageni wa ndani na wa karibu kama ngao, mbali na tiketi zao.

MpishiForodhani

Wanangu, mimi sijui hao waandishi wa 1997 lakini wamenisema mimi.

Bustani ilipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa 2009, tulipangwa, tukawekewa utaratibu, na biashara ikawa safi. Sina neno na hilo. Shida inakuja wiki ya shughuli kubwa. Tunaambiwa siku mbili kabla kwamba upande huu unafungwa, meza zisogee kule gizani. Ndani ya uzio kuna vibanda vya chakula vya kukodi, bei yake mimi siwezi, na vingi anachukua mtu mwenye mkahawa tayari. Pweza nimeshanunua asubuhi. Kama ningejua mwezi mmoja kabla ningenunua kidogo, au tungeungana watano tukakodi kibanda kimoja.

Sitaki bure. Nataka niambiwe mapema, na nitajiwe nani wa kumuuliza.

MtuWaShangani

Mama, asante sana. Ombi lako ndilo jepesi kuliko yote kwenye uzi huu, na linaweza kutekelezwa bila senti moja. Ramani ya vibanda ibandikwe kwa sheha na pale bustanini wiki sita kabla, na theluthi ya vibanda iwe ya wauzaji wa Forodhani waliokwishasajiliwa, kwa bei ya kikundi. Mwandaaji akiliweka kwenye ombi lake la kibali, serikali nayo ina sababu ya kulidai. Kile kibali ambacho leo kinatumika kuchelewesha kingeweza kumlinda mama anayeuza pweza.

Meneja, nimekusikia, na mawili uliyosema ni ya haki. Vyumba vya bure vihesabiwe. Viandikwe kwa thamani yake, vitangazwe kwenye ripoti ya tamasha pamoja na fedha taslimu, jina la hoteli likiwa wazi. Ila elewa kwamba fundi sauti na jenereta havilipwi kwa chumba, kwa hiyo taslimu itabaki kuhitajika. La pili, umechoka na barua za kila wiki, na una haki. Ndiyo maana napendekeza mfuko mmoja wa matamasha yote ya mji, kila hoteli iweke kiasi kidogo kwa kila kitanda kilicholaliwa katika wiki za matamasha, halafu isisumbuliwe tena na mtu. Ukiweka fedha, unapata kura. Ila kura za mfuko zisiwe za wenye fedha peke yao: vyama vya muziki, masheha wa Mji Mkongwe na Ng'ambo, na wauzaji wawe na viti ambavyo haviuzwi.

Umesema hujui nani kaja kwa ngoma na nani kaja kwa jua. Muulize anapojaza fomu ya mapokezi, swali moja tu. Hoteli ishirini zikiuliza msimu mmoja, tutakuwa na kitu cha kuzungumzia, na huenda jibu likakupa nguvu wewe kuliko mimi.

Ndugu wa Lamu, hoja ya onyo la safari sikuwa nimeiweka, na ni kubwa. ZIFF walikuwa wakipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba. Programu za namna hiyo hazina tiketi, zinaishi kwa ufadhili, kwa hiyo fedha zikipungua zinakuwa hatarini kabla ya usiku wa watalii. Ukizifuta umefuta wale wageni wa karibu unaowaita ngao.

Narudi kwenye tarehe. Kusogea kwa Februari kutafungua upya kila mkataba. Wanaojua kikao cha wadau kitakaa lini na wapi, walete taarifa humu. GanuniNaUdi, zungumza na viongozi wa vyama vya taarab waandike barua yao mapema. Mama, mimi nitakuja Forodhani baada ya Ijumaa tuandike ya wauzaji, tuipeleke kwa sheha kabla ya ile ramani haijachorwa.